Mhandisi Lai na Udongo wa Shuiwei

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mhandisi Lai Pi-yun, Mkuu wa Kitengo cha Vipimo vya Ardhi, anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na miwili. Tangazo la ubaoni linasema anaondoka "kwa hiari yake". Ni kweli, kama vile mtu anavyotoka kwa hiari yake kwenye chumba kilichojaa moshi.

Ofisi ya utumishi imeniomba mimi, Hsueh Kuo-pin, kwa kuwa ndiye niliyebaki niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, uwe "mchangamfu na usio na mambo mazito". Kwenye uchangamfu nimejitahidi.

Mhandisi Lai alizaliwa Shuiwei, huku kwetu kwenye mpunga na vitunguu vya majani, kaskazini-mashariki mwa Taiwan. Ni binti wa kwanza wa mfugaji wa bata. Alikwenda Taipei kusomea jiofizikia wakati darasa lao lote lilikuwa na wasichana wawili, na yule mwenzake aliolewa akaacha masomo. Siku aliyoripoti kazini, msimamizi wa mafundi alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akatema tambuu pembeni, akamwambia, "Dada, uhasibu uko ghorofa ya pili."

"Najua," akajibu. "Nimetoka huko kuwauliza nyundo mnaweka wapi."

Wenzetu wa idara nyingine hutuona tukitoka asubuhi na nyundo na nyaya, wakadhani tunakwenda kubomoa nyumba za watu. Kazi yetu ni kujua ardhi ina ugumu gani kabla mtu hajaipandishia jengo. Tunachomeka vihisio ardhini kwa mstari, vile tunavyoviita masikio. Tunapiga bamba la chuma kwa nyundo, na mashine inaandika mtikiso umefika lini kwenye kila sikio. Kwenye mwamba mtikiso hukimbia. Kwenye tope hujikokota. Na siku tetemeko likija, ni pale mtikiso unapojikokota ndipo ardhi inapoyumba zaidi na kuliyumbisha jengo. Hiyo ndiyo sayansi yetu yote. Yanayobaki ni hesabu na jasho.

Kazi hii inataka ukimya, na nchi yetu haina ukimya. Pikipiki, malori, mbwa, mashine za kupulizia mashamba, vyote huingia kwenye masikio yetu. Wakati mmoja tulikuwa tunapima nyuma ya hekalu la mungu wa ardhi, siku ya sikukuu yake, na ngoma hazikukoma tangu asubuhi. Mhandisi Lai akaenda kuzungumza na mzee mtunza hekalu.

"Mzee wangu, naomba ngoma zipumzike kidogo tu."

"Binti, mungu anapenda kusikiliza ngoma."

"Na mimi nataka kumsikiliza yeye, mzee. Si ndiye mwenye ardhi? Ngoma zinanizuia kumsikia."

Mzee akafikiri, akanyanyua mkono, ngoma zikanyamaza. Tulipiga nyundo haraka haraka kama wezi. Tulipomaliza akatuletea sahani ya bata wa moshi akamuuliza mungu amesema nini. "Amesema msiongeze ghorofa," akajibu Mhandisi Lai, na mpaka leo hekalu lile ni la ghorofa moja.

Amepima madaraja, matangi ya maji, vituo vya treni na hospitali. Ametembea na masikio yake kwenye mashamba ya mpunga yaliyojaa maji mpaka magotini, na mara moja kwenye makaburi, mwezi wa mizimu, wakati wafu husemekana kuzurura, jambo ambalo mafundi wetu walilikubali tu baada ya yeye kuwasha ubani mwenyewe na kuwaomba radhi wenye mahali pao, mmoja mmoja, kwa majina yaliyoandikwa kwenye mawe. Ndiye aliyewafundisha kupima karibu wote mnaowaona leo kitengoni. Alikuwa mkali. Fundi akipiga bamba kizembe alikuwa anasema, "Unambembeleza nani? Piga!"

Hapo ningeweza kuishia, na ofisi ya utumishi ingefurahi. Lakini kila anayemjua Mhandisi Lai anajua kwamba maisha yake ya kazi yamegawanyika mara mbili, kabla ya kiwanja cha Shuiwei na baada yake, na wasifu unaoliruka jambo hilo utakuwa unamhusu mtu mwingine.

Miaka kumi na minne iliyopita mjenzi mmoja alinunua kiwanja kijijini kwao, mahali palipokuwa na mpunga na bwawa la bata lililofukiwa. Alitaka kusimamisha jumba la ghorofa kumi na mbili. Tulikwenda kupima. Upande wa magharibi tulikuta kokoto karibu na uso wa ardhi, pazuri. Upande wa mashariki mtikiso ulijikokota, mita mia na thelathini hivi kwa sekunde, kwa kina kirefu. Mto wa zamani ulipita pale kabla ya kuhama, ukaacha tope lake chini. Mhandisi Lai alirudia vipimo, akasogeza mstari, akarudia tena. Jibu lilikuwa lile lile. Maana yake ilikuwa kwamba nguzo za chini za upande wa mashariki zingelazimika kushuka mara mbili zaidi, au jengo lisogezwe, au lipunguzwe.

Mjenzi hakutaka lolote kati ya hayo. Meneja wetu wa wakati ule, Bwana Kung, alimwita Mhandisi Lai ofisini. Nilikuwepo, kwa sababu mimi ndiye niliyebeba michoro.

"Chukua mistari miwili ya magharibi na mmoja wa mashariki, toa wastani," alisema Meneja Kung. "Sheria haijakataza wastani."

"Jengo halitakaa juu ya wastani, Meneja. Nusu yake itakaa juu ya tope."

"Mhandisi Lai, wewe una maneno mazuri. Ungekuwa mwalimu. Tia saini tuendelee."

"Sitii."

"Hutii?"

"Hiki kiwanja nimekitembea tangu nikiwa mtoto. Na hata kingekuwa cha mwezini, sitii."

Meneja Kung hakupandisha sauti. Alivuta karatasi upande wake, akatia saini yake mwenyewe, akagonga muhuri wa kampuni, akaupuliza wino ukauke. Wiki iliyofuata Mhandisi Lai alihamishiwa stoo ya vifaa kutengeneza nyaya zilizokatika. Alikaa huko zaidi ya miaka saba. Wahandisi aliowafundisha walikuwa wakienda kuchukua vihisio kwake dirishani, wakisaini kupokea, na wengine walikuwa wakiona aibu kumsalimu.

Hakunyamaza. Alikwenda kwenye ofisi inayotoa vibali vya ujenzi, akasimama kwenye foleni kama mwananchi yeyote. Karani akamwambia ripoti ipo, imesainiwa, ina muhuri. "Wewe ni nani katika jambo hili?"

"Ni mimi niliyepima."

Karani alifungua ripoti, akapitisha kidole. "Jina lako halimo, mama. Anayefuata!"

Jumba likajengwa. Lilikuwa zuri, lenye vigae vya rangi ya krimu na bustani ndogo juu ya paa. Na katika watu wa kwanza kununua nyumba mle alikuwamo mdogo wake wa pekee, Lai Pi-chu, pamoja na mumewe Jung-tsai, aliyekuwa na duka la vifaa vya uvuvi. Walichukua ghorofa ya nne, upande wa mashariki, kwa sababu ulikuwa unapata jua la asubuhi.

Kisa hiki Mhandisi Lai alinisimulia mwenyewe, mara moja tu. Ilikuwa chakula cha mkesha wa mwaka mpya nyumbani kwa baba yao. Sufuria ya mchuzi inachemka katikati ya meza, kila mtu anachovya nyama yake, na Pi-chu akatangaza kwamba wameshalipia. Mhandisi Lai akaweka vijiti chini.

"Msinunue pale. Chini ni tope. Nimepapima mimi."

"Dada, kwako kila nyumba ina kasoro," alisema Pi-chu. "Hata hii ya baba ulisema ina ufa."

"Ina ufa."

"Na imesimama!"

Shemeji Jung-tsai alikuwa mtu wa utani. "Shemeji, wewe ukipanda hata kitanda unakigonga kwanza kwa nyundo." Watu wakacheka. Baba yao pia akacheka.

Mhandisi Lai akaanza kuwaeleza kasi ya mtikiso, mto wa zamani, kina cha nguzo. Pi-chu akamwacha amalize, kisha akainuka, akaleta bahasha aliyopewa na wauzaji, akatoa ripoti ya udongo. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwamba ardhi inafaa. Chini yake kulikuwa na muhuri wetu mwekundu.

"Hii si kampuni yako?"

"Ndiyo."

"Basi nimwamini nani, kampuni yako au wewe?"

Mhandisi Lai alichovya nyama, akala, na hakusema tena habari ya nyumba usiku ule wala baadaye. Walipohamia alikwenda kuwapongeza na kikapu cha machungwa, akakaa upande wa sebule ulio karibu na ngazi.

Tetemeko lilikuja miaka mitano baadaye, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Wengi wenu mnalikumbuka. Mji mzima ulipasuka vigae na kuanguka mitungi, na watu wakatoka barabarani wakapigiana simu. Jumba la Shuiwei lilikaa chini upande wa mashariki. Maduka ya ghorofa ya chini yalipotea yote, na jengo zima likainama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Mhandisi Lai alifika pale kwa pikipiki yake kabla ya magari ya kampuni. Waokoaji walikuwa wameleta winchi kubwa, na nahodha wao anataka kuiweka upande wa mashariki, kwa sababu ndiko watu walikokuwa wamefunikwa na ndiko kulikokuwa na uwazi. Mhandisi Lai alimkimbilia akamshika mkono.

"Ukiiweka hapa itazama na kuwaua waliobaki. Iweke kule magharibi, mkono wake ufike huku kwa juu."

"Mama, rudi nyuma ya kamba."

"Sirudi. Mdogo wangu yumo mle. Unadhani ningekwambia uwe mbali naye kama sijui ninachosema?"

Yule nahodha, Mungu ambariki, alimtazama usoni kisha akageuka akawapungia mkono wenye winchi waende magharibi. Gari moja la zimamoto lililokuwa limetangulia upande wa mashariki lilizama magurudumu ya nyuma kabla jua halijatua. Winchi ilisimama imara mpaka kazi ikaisha. Watu kumi na moja walitolewa hai kwa kupitia juu, na Pi-chu alikuwa mmoja wao, mguu wake wa kushoto ukiwa umepondeka. Jung-tsai alikuwa amelala chumbani, upande wake wa jua la asubuhi. Walimtoa siku ya tatu.

Nilikwenda hospitali pamoja na Mhandisi Lai. Pi-chu alikuwa amekatwa mguu chini ya goti. Dada yake alisimama kwenye ncha ya kitanda, hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Ulijua," alisema Pi-chu.

"Nilikwambia."

"Uliniambia mita ngapi kwa sekunde. Ungenishika nywele! Ungeichana ile karatasi mezani, ungemwaga sufuria, ungenipiga makofi mbele ya baba. Ukala nyama, dada. Nilikuona. Ulikula nyama."

Mhandisi Lai aliinamisha kichwa kwa shemeji yake aliyekufa, kama vile alikuwamo chumbani, akatoka. Njiani alisimamisha pikipiki kando ya mfereji wa maji, akashuka, akachuchumaa pale muda mrefu. Mimi nilisimama nyuma yake kama mlingoti.

Kesi ilichukua karibu miaka minne. Mjenzi alifungwa kwa ajili ya nondo pungufu kwenye nguzo. Kuhusu ardhi, hukumu ilikuwa na sentensi moja, kwamba wastani uliotumika "haukuwa nje ya desturi ya wakati huo". Mhandisi Lai alitoa ushahidi siku mbili mfululizo. Wakili wa upande wa pili alimuuliza kama ana chuki na Meneja Kung kwa kuhamishiwa stoo. Akajibu, "Ndiyo, ninayo. Na tope lilikuwepo kabla ya chuki yangu." Meneja Kung alistaafu mwaka uliofuata, akapewa ngao ya kioo na hotuba. Picha yake iko kwenye korido ya ghorofa ya pili, karibu na mashine ya maji.

Mhandisi Lai naye alirudishwa kitengoni, akapandishwa kuwa mkuu. Msidhani ilikuwa toba. Wateja walikuwa wamekimbia, na kampuni ya bima ilitaka ripoti zitiwe saini na yule aliyekataa. Mwaka ule ule kipeperushi chetu kipya kikatoka na jina lake chini ya maneno haya: "Kampuni yenye mhandisi aliyesema hapana." Hakuna aliyemuuliza. Alikiona mkononi mwa mteja. Alikisoma chote, akakirudisha, akasema, "Angalau wamepatia herufi za jina langu."

Nilimuuliza kwa nini haondoki. Alisema akiondoka watamleta anayetia saini. Akabaki, na akawalazimisha jambo moja. Katika kila ripoti, ukurasa wa kwanza uonyeshe kipimo dhaifu kuliko vyote vilivyopatikana kiwanjani, si wastani. Tuliiita kanuni ya Lai. Kwa sababu yake wajenzi wengi walitutukana, wengine wakatuhama, na majengo ambayo hamtayasikia kamwe kwenye habari yamesimama kimya. Hayo ndiyo mafanikio yake, na hayana picha ya kuweka ukutani.

Mwezi Machi mwaka huu uongozi mpya uliiondoa kanuni ile. Wastani umerudi ukurasa wa kwanza; kipimo dhaifu kimepelekwa kwenye viambatisho, ambako, kama mnavyojua, hakuna afikaye. Alipinga kikaoni. Mkurugenzi alimwambia kwa adabu kubwa, "Mhandisi Lai, tunaheshimu sana yaliyokupata." Alijibu kwamba hayakumpata yeye, yaliwapata waliokuwa ndani. Alikuwa amebakiza miaka mitatu ya kazi. Aliomba kustaafu siku ile ile.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ameniruhusu kuliandika. Mwezi Aprili Pi-chu alimpigia simu. Tangu siku ya hospitali walikuwa wakionana msibani na siku ya kila mwaka ya kusafisha makaburi ya ukoo tu, na baba yao alikufa kabla hajawapatanisha. Mwanawe Pi-chu anataka kujenga kwenye shamba la babu. "Njoo upime," alisema, akakata.

Tulikwenda Jumapili, kwa vifaa vyake binafsi. Nilipiga nyundo mimi. Yeye goti halimruhusu tena. Pi-chu alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya shamba, kofia ya majani kichwani, gongo mapajani. Mhandisi Lai alisoma mashine, akamwendea.

"Huku mbele karibu na barabara, usijenge. Kule nyuma panafaa."

"Nyuma hakuna njia. Gari halifiki."

"Halifiki."

"Kijana atalalamika."

"Alalamike. Akijenga mbele nitakuja kubomoa mwenyewe. Nitamwita polisi, nitalala kwenye msingi. Pi-chu, unanisikia? Nitalala kwenye msingi." Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka bata wa jirani wakaanza kelele. Kwa miaka yote ile sijawahi kumsikia akipiga kelele mbele ya watu.

Pi-chu alimtazama. Kisha akasimama kwa gongo lake, akachukua kipande cha mwanzi, akatembea polepole juu ya tuta la shamba mpaka kule nyuma, akakichomeka. Hakutaka kusaidiwa. Aliporudi alipita mbele yetu akaingia kwenye gari la mwanawe. Hakumuaga dada yake. Mhandisi Lai alibaki anautazama ule mwanzi.

Nilipomwonyesha rasimu ya wasifu huu alifuta neno moja tu. Nilikuwa nimemwita shujaa. "Ondoa hilo," alisema. "Pi-chu akilisoma atanicheka, na atakuwa na haki."

Sherehe ni Ijumaa saa sita mchana, ghorofa ya pili, kutakuwa na chakula cha boksi na keki. Nimeomba picha ya Meneja Kung ishushwe kwa saa hizo chache. Sijajibiwa. Anayeweza kusimama mbele ya picha hiyo na sahani mkononi, aizibe, tafadhali asimame.

Mhandisi Lai, kwa niaba ya kitengo, asante kwa kutufundisha kupiga bamba na kungoja jibu. Asante kwa kila saini uliyoitia, na zaidi kwa ile uliyoinyima. Tunakuombea afya ya goti, mvua kidogo, na asubuhi ndefu zisizo na king'ora cha kazi. Tunakuombea simu nyingine kutoka Shuiwei, hata ikiwa fupi kama ile ya kwanza. Nenda salama.